Saini Inayofutwa Kwanza

Mtu akija kwangu na saini ya msanii mkononi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuifuta. Wengi hawalijui hilo mpaka waone pamba yenye spiriti inawasogelea, ndipo wanapouvuta mkono haraka na kunitazama vibaya. Usiku mzima hawakuoga. Wengine wamelala mkono umening'inia nje ya kitanda ili shuka lisiusugue. Halafu anatokea mchora tatuu wa Sinza, Dar es Salaam, anataka kupangusa wino wa makapeni ambao wameupigania getini hadi saa tisa za usiku!

Nawaeleza taratibu. Ngozi haichomwi sindano kabla haijasafishwa, na spiriti haijui tofauti ya jasho la kawaida na mwandiko wa mtu maarufu. Kwa hiyo kwanza napiga picha. Kisha nalaza juu ya mkono karatasi nyepesi inayoonyesha, nafuata kila mstari kwa kalamu yenye ncha nyembamba, na mchoro ule nauhamishia kwenye stensili. Baada ya hapo nanyoa vinyweleo, nasafisha, saini inakwenda na pamba. Ngozi ikishakauka nabandika stensili palepale ilipokuwa saini, nikiibandua inaacha mistari ya zambarau, na mistari hiyo ndiyo sindano inayoifuata. Rangi yenyewe ni ya jamii moja na ile GV tuliyopakwa vidonda vya magotini utotoni.

Basi saini inayokaa mwilini miaka yote si ile aliyoiandika msanii. Ni nakala ya nakala, na mkono uliomalizia ni wangu. Sisemi hivi kwa kujishusha. Nimeifuatilia historia ya desturi hii kwa miaka, kwa sababu ni sehemu ya riziki yangu, na kila nilipogeuka nimekutana na wanakili: makarani, wasaidizi wa wanamuziki, mafundi wa vichochoroni. Wenye majina wako wachache sana.

Anza na mashine yenyewe. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme, na wala hakuwa akifikiria ngozi ya mtu. Alikuwa akifikiria ofisi. Juu ya kalamu ile palikuwa na mota ndogo iliyopata nguvu kutoka kwenye betri, na mota iliipandisha na kuishusha sindano makumi ya mara kwa sekunde. Karani aliandika barua yake kama kawaida, ila badala ya kuacha wino, kalamu iliacha vitundu vidogo vidogo kwenye karatasi. Karatasi hiyo ikabanwa juu ya nyingine tupu, roli la wino likapitishwa, wino ukapenya vitunduni, na barua ikatoka chini yake. Ukirudia, inatoka nyingine. Haikudumu sana sokoni, kwani betri za wakati ule zilikuwa na uchafu na usumbufu, na mashine za chapa zilikuwa zinakuja juu. Lakini wazo halikufa. Mwaka 1887 A. B. Dick wa Chicago alianza kuuza mtambo wa kudurufu uliobeba jina la Edison, na ukoo wa mitambo hiyo ukasambaa hadi kwenye shule zetu.

Mama yangu aliishi na mmoja wa ukoo huo. Alikuwa karani wa shule Morogoro, na majira ya mitihani alikuwa akifunga mlango, anaondoa utepe kwenye taipureta ili herufi zikate nta ya stensili moja kwa moja, akikosea anaziba kwa kile kimiminika chekundu chenye harufu ya rangi ya kucha. Kisha stensili inavishwa kwenye mtambo na kuzungushwa kwa mkono. Kazi ikiisha, mwalimu mkuu mwenyewe alisimamia kuchomwa kwa stensili zilizotumika, maana mtu akiiokota moja jalalani mtihani umevuja. Mimi nilikuwa nikikaa mlangoni nikisikiliza mlio wa mkono wa mtambo, bila kujua kwamba nasikiliza jamaa wa mbali wa kazi yangu.

Kwa sababu tawi la pili la ukoo lilikwenda kwenye ngozi. Tarehe 8 Desemba 1891 Samuel O'Reilly, mchora tatuu wa New York, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya umeme ya kuchora tatuu, na msingi wake ulikuwa kalamu ile ile ya Edison. Alichofanya ni kuona kwamba sindano inayotoboa karatasi inaweza kubeba wino na kuuacha chini ya ngozi, kina cha milimita moja au mbili tu, mahali ambapo mwili hauwezi kuutupa nje. Kabla yake kazi ilifanywa kwa mkono, tobo moja moja. Mabaharia na wanajeshi ndio waliokuwa wateja, na picha zilikuwa nanga, meli, mioyo, majina ya wake na ya mama zao. Majina ya wanamuziki bado. Lakini chombo kilikuwa tayari, na kilikuwa chombo cha karani: kimezaliwa kunakili mwandiko wa mtu.

Upande wa pili wa kisa uko kwenye karatasi. Kupenda kitu kilichoguswa na mwanamuziki ni jambo la zamani. Mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine aliutafutia jina wazimu uliowapata watu wa Ulaya kwa ajili ya Franz Liszt, mpiga piano kutoka Hungaria. Inasimuliwa kwamba wanawake waliokota vipande vya sigara zake na kutengeneza bangili kwa nyuzi za piano alizozikata. Mtu aliyeshindwa kupata uzi aliomba saini. Saini ilikuwa nafuu, msanii anatoa nyingi kwa siku, na shabiki anakwenda nayo nyumbani akiwa na uhakika kwamba mkono ule uligusa karatasi hii.

Uhakika huo ndio ulioharibika. Miaka ya 1963 na 1964, Beatles walipokuwa wanafukuzwa mitaani na umati, vijana wanne wasingeweza kusaini kila kitabu na kila picha iliyoletwa mlangoni. Wasaidizi wao wa safari, Neil Aspinall na Mal Evans, walikaa vyumba vya nyuma na kusaini kwa niaba yao, majina yote manne, mmoja baada ya mwingine. Wakawa mafundi. Leo kuna wataalamu wanaolipwa kutenganisha saini za John Lennon na zile za Mal Evans, na nadhani kuna nyumba nyingi Uingereza na Marekani ambamo picha imetundikwa ukutani kwa heshima kubwa na aliyeisaini alikuwa mbeba magitaa. Mimi nikisoma habari za Evans namwonea huruma na kumheshimu kwa pamoja. Kunakili saini kunahitaji uweze kwenda kasi. Saini ni mwendo wa mkono, na ukiifuata polepole inatetemeka, mtu anaona hata kama hajui anachokiona.

Mwaka huohuo wa 1964 ikaanza kuuzwa Marekani makapeni ya Sharpie. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho nisingekuwa na wateja wa aina hii. Kalamu ya wino ilitaka karatasi. Makapeni iliandika kwenye picha inayong'aa, kwenye plastiki ya jalada la santuri, kwenye ubao wa gitaa, kwenye fulana. Na kwenye mkono. Shabiki aliyesahau kitabu akawa anakunja shati. Mwanzoni ilikuwa mzaha wa siku mbili tatu, maana ngozi hujibadilisha na sabuni haina huruma. Kati ya mzaha huo na sindano palikuwa na umbali mkubwa bado.

Sababu moja ni kwamba tatuu yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku sehemu nyingi. Jiji la New York, alikofanyia kazi O'Reilly, lilizuia kazi hii mwaka 1961 kwa kisingizio cha homa ya ini, na halikuifungulia tena mpaka 1997. Nasema kisingizio, ingawa ugonjwa upo kweli na sindano chafu huueneza. Dawa ya sindano chafu ni kuzitupa na kutumia mpya. Jimbo la Massachusetts lilizuia mwaka 1962 hadi 2000. Oklahoma ilikuwa ya mwisho kuachia, mwaka 2006.

San Francisco haikuwa na kizuizi hicho, na huko ndiko mambo yalikogeuka. Lyle Tuttle alikuwa na duka lake pale, na mwimbaji Janis Joplin alikuja kwake akachorwa bangili kwenye kifundo cha mkono na moyo mdogo kifuani. Joplin hakuficha. Alizungumza juu ya tatuu zake hadharani kwa kicheko chake kile, katika wakati ambao mwanamke mwenye tatuu alihesabiwa mhuni au mtu wa sarakasi. Alipofariki Oktoba 1970, akiwa na miaka 27, wanawake walimiminika kwa Tuttle wakitaka moyo uleule, mahali palepale. Naitazama hiyo kama mwanzo wa kweli wa desturi yetu. Hawakutaka picha ya Joplin wala jina lake. Walitaka alama aliyokuwa nayo, iliyochorwa na mkono uliomchora yeye. Tuttle hapo alikuwa zaidi ya fundi: alikuwa daraja la kumfikia marehemu, na nadhani yeye ndiye mchora tatuu wa kwanza aliyeombwa kuwa hivyo na umati.

Kuhamia kwenye viwanja vya matamasha kulichukua muda. Majira ya joto ya mwaka 2000 msafara ulioitwa Tattoo the Earth ulizunguka Marekani ukiwa na bendi za muziki mzito, Slipknot, Slayer, Sepultura na nyinginezo, pamoja na wachora tatuu wenye majina yao, kama Paul Booth na Filip Leu, waliochora watu palepale uwanjani muziki ukipigwa. Ukikumbuka kwamba mwaka huohuo Massachusetts ndiyo kwanza ilikuwa inaondoa marufuku yake, utaona jinsi jambo lilivyokuwa jipya. Kama fundi naogopa hata kufikiria kazi ile: vumbi, jua, mteja amekunywa, na ngoma inayoitikisa meza unayoegemea.

Lakini saini ilipata njia yake rahisi zaidi, ambayo ndiyo imefika mpaka kwetu. Msanii anaandika kwa makapeni leo, fundi anachora kesho. Aliyeifanya iwe sehemu ya onyesho ni Paul McCartney wa Beatles, na hapo kisa kinanichekesha. Katika miaka ya 2010 mashabiki walikuwa wakija na mabango yenye maandishi kwamba akiwasaini watakwenda kuchora, naye mara nyingine akawaita jukwaani na kuwasaini mwilini mbele ya maelfu. Huyu ni yule yule aliyekuwa akisainiwa na Mal Evans. Sasa amesimama mwenyewe, makapeni katika mkono wake wa kushoto, mashahidi uwanja mzima, hakuna wa kubisha kwamba ni yeye. Na kesho yake asubuhi mtu fulani asiyejulikana, katika duka fulani la mjini, anapaka spiriti na kuifuta, kisha anaiandika upya. Evans amerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii na glavu mkononi.

Nikiwaambia wateja hivyo wengine wanaudhika. Wanasema ngozi haidanganyi, ngozi haiuzwi. La kuuzwa lina ukweli wake, kwa sababu karatasi yenye saini inapigwa mnada, wakati mkono unazikwa na mwenyewe. Lakini hata hapo kuna ubishi. Mwaka 2008 mchoro wa msanii wa Ubelgiji Wim Delvoye uliokuwa kwenye mgongo wa Tim Steiner, raia wa Uswisi, uliuzwa kwa mkusanyaji wa Kijerumani kwa euro 150,000, kwa makubaliano kwamba Steiner ataketi kwenye maonyesho akiutoa mgongo utazamwe, na akifa ngozi itachunwa. Na mwaka 2011 fundi aliyemchora bondia Mike Tyson usoni aliishtaki kampuni ya filamu ya Warner Bros. kwa kuutumia mchoro wake kwenye uso wa mwigizaji mwingine. Wakamalizana nje ya mahakama. Mpaka leo sijasikia fundi aliyedai haki juu ya saini. Angedai nini? Kazi yake ni kutoonekana.

Kuna mahali saini na tatuu zilikutana kwa njia iliyo kinyume kabisa, na napenda kuwasimulia wateja wanaponyamaza kwa maumivu. Mwaka 1840 machifu wa Maori walipowekeana mkataba na Waingereza kule Waitangi, New Zealand, baadhi yao hawakuandika jina. Walichora kwenye karatasi sehemu ya michoro iliyokuwa kwenye nyuso zao. Hakuna watu wawili waliokuwa na uso mmoja, kwa hiyo uso ulitosha kuwa saini. Tatuu ilitoka kwenye ngozi ikaingia kwenye karatasi, na mwenye ngozi ndiye mwenye jina. Sisi tunachukua jina la mwingine kwenye karatasi tunalipeleka kwenye ngozi yetu.

Huku kwetu nako ngozi iliandikwa zamani. Bibi mzaa baba alikuwa Mmakonde wa Newala, na uso wake ulikuwa na nembo zilizokatwa kwa kijembe na kusuguliwa masizi, pembe zinazopandana kutoka mashavuni. Aliyezikata hakuwa fundi wa mtaani, alikuwa mtu aliyeheshimiwa na aliyelipwa, na kazi yake ilimwambia kila aliyekutana na bibi njiani kwamba huyu ni wa watu gani. Bibi alipoiona mashine yangu aliuliza swali moja tu: hao unaowaandika majina ya waimbaji, ni ndugu zao?

Swali hilo si la kizee. Kwa miaka mingi sana hapa Dar es Salaam alama ilikwenda upande mwingine: shabiki ndiye aliyemwachia msanii. Baba yangu, fundi cherehani, alikuwa mtu wa bendi ya Msondo tangu enzi ilipoitwa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na hakuwa na salamu kwa watu wa bendi pinzani ya Sikinde. Wikiendi alivaa suti aliyoishona mwenyewe, na solo la tarumbeta lilipomkolea alipanda jukwaani akicheza taratibu, akabandika noti kwenye paji la uso la mpigaji, lililoloa jasho, ikakaa. Huko ndiko kutunza. Kwenye taarabu akina mama walifanya hivyo kwa ufundi zaidi, noti zimeshikwa juu kwa vidole viwili, jicho likimtafuta mbaya wake ukumbini ili mstari ule umchome yeye. Na waliokuwa na fedha zaidi walinunua kutajwa. Mapedeshee wa Dar, kama wenzao wa Kinshasa, waliwalipa waimbaji ili majina yao yaingie ndani ya wimbo wenyewe, yarekodiwe, yapigwe redioni. Ukisikiliza nyimbo za dansi za miaka ya 2000 utasikia orodha za watu ambao hawakupiga chombo chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kubaki: jina la shabiki kwenye kazi ya msanii. Baba alifariki akiamini kwamba kuchorwa saini ya mwimbaji ni kulipia tangazo la mtu mwingine, na hoja yake sijawahi kuivunja.

Vijana wa Bongo Fleva wameigeuza njia hiyo, na wameigeuza kwa masharti ya hapa. Wengi wanaokuja kwangu Jumapili, baada ya shoo za viwanja vya Leaders au za ufukweni, hawachorwi. Wanauliza bei, wanauliza inauma kiasi gani, kisha wanakumbuka mama, shehe, mchungaji. Vijana wa kiume wanakumbuka Jeshi la Polisi, ambalo matangazo yake ya ajira hutaka mwombaji asiye na tatuu, na usaili hauishii kwenye mikono. Wasichana wengine wametafuta njia ya katikati: wanakwenda kwa mpiga piko akaipitie saini palepale kwa brashi nyembamba. Inakaa wiki moja, mbili ukijitahidi. Mimi nawaonya juu ya piko ya dukani, ile poda nyeusi ya kupaka nywele, kwa sababu nimeona malengelenge yakifuata herufi moja baada ya nyingine, na kovu lake ni tatuu ambayo hukuiomba. Lakini kama wazo, nalipenda. Mpiga piko haifuti saini. Anaandika juu yake.

Wanaobaki ndio ninaowafanyia kazi, na nawaambia mapema yale yasiyopendeza. Saini ndogo haifai. Wino huenea chini ya ngozi miaka ikienda, macho ya herufi e na a yanaziba, na baada ya muda jina zuri linakuwa mdudu. Naipanua, basi, nusu yake tena au zaidi. Ukishaipanua si saizi aliyoandika msanii. Palipokatika kwa sababu makapeni iliruka juu ya mshipa, naunganisha. Siku hizi wengine hawana hata saini ya kufuta: wanaipakua kwenye simu, printa ya joto inaitoa kwenye stensili kwa sekunde chache, na hawajawahi kumsogelea mwimbaji huyo hata hatua mia. Nawachora pia. Sina mizani ya kupimia mapenzi ya mtu.

Aliyenishinda alikuwa kijana mmoja aliyesainiwa kweli, begani, na mwimbaji mkubwa aliyekuwa na haraka ya kuingia garini. Ilikuwa mikwaju miwili na nukta. Kijana aliitazama kwenye kioo, akaitazama kwenye picha, akasema haisomeki, nani atajua ni ya nani? Akaniomba niiandike vizuri. Nikamkumbusha kwamba hapo haitakuwa saini tena. Akasema wewe andika tu, kaka. Nikachukua karatasi, nikaliandika jina la msanii kwa mwandiko wa mabango niliojifunza nikipaka rangi daladala, mkia mrefu mwishoni, akaupenda, nikauchora. Alilipa, akapiga picha, akaituma mtandaoni na kumtaja mhusika. Jioni mwimbaji mwenyewe akairusha kwenye ukurasa wake, na maneno ya kumshukuru shabiki aliyeipenda saini yake kiasi hicho.